Kitanda cha mtoto cha mtumba: rangi inayonata, inayobanduka na inayotoa madoa

Simu nyingi za vitanda vya watoto hunijia mimba ikiwa imeshafika miezi minane. Kitanda kimenunuliwa mtumba sokoni Mwanakwerekwe, Unguja, au kwa mtu anayehama, mume amekipaka mwenyewe Jumamosi moja, na sasa rangi inanata, au inatoka maganda, au imetoa madoa ya kahawia. Swali huwa lile lile: "Fundi, nikipige mkono mwingine juu yake?" Jibu langu karibu kila mara ni hapana. Mkono wa juu unalifunika tatizo tu, na siku utakapolitafuta itabidi ulichimbue kutoka chini ya rangi mbili badala ya moja.

Nimepanga kwa dalili, kama watu wanavyonieleza. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi iko mwanzo na ya nadra iko mwisho. Anza na vipimo visivyo na gharama (ukucha, tone la maji, wembe na selotepu) kabla hujatia mkono mfukoni.

Kwanza: kitanda chenyewe kinafaa kupakwa?

Rangi haiponyi kitanda kibovu. Ninatazama mambo manne kabla sijafungua kopo, na likishindwa moja tu, sikipaki.

Upande unaoshuka. Vitanda vingi vya zamani vilivyokuja kwa makontena vina ubavu mmoja unaoteremshwa ili mama asiiname sana. Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2011, kwa sababu vishikizo vikilegea au kukatika, ubavu unaachana na tendegu, mtoto anateleza kwenye mwanya na kukosa pumzi. Vitanda hivyo huku bado vinauzwa, na vingine ni vizuri sana kwa macho. Mimi sivipokei.

Nafasi kati ya fito. Isizidi sentimita 6 hivi. Chukua kopo la soda la bati ujaribu kulipenyeza kati ya fito mbili. Likipita, kiwiliwili cha mtoto nacho kitapita, kichwa kibaki ndani. Jaribu fito zote, si moja. Mara nyingi ufito mmoja umeshapotea na fundi wa zamani akazisogeza zilizobaki ili pengo lisionekane.

Godoro. Vidole viwili vikiingia kwa nafasi kati ya godoro na ubavu, godoro ni dogo. Tafuta jingine. Usijazie kwa mto wala kwa kanga iliyokunjwa.

Dumuzi. Ligonge tendegu kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga laini umedondoka na vitundu vidogo kama vya pini, mbao inaliwa kwa ndani. Wengine huziba vitundu kwa puti wakapaka juu, na kwa macho kazi hupendeza. Ufito ulioliwa hukatika siku mtoto anapojifunza kusimama na kuuning'inia. Muite seremala abadilishe kipande kizima, na kama dumuzi wameshaingia kwenye matendegu yote, kiache.

Rangi ya zamani, na risasi

Hili nalitenga kwa sababu ndilo pekee humu linaloweza kumdhuru mtoto bila dalili yoyote kwenye mbao.

Kwa miaka mingi viwanda vilitia madini ya risasi kwenye rangi za mafuta ili zikauke upesi, zing'ae na zisififie. Marekani ilizuia rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, Uingereza ikamalizia mwaka 1992. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na kikomo kinachopendekezwa kwa rangi ni sehemu 90 katika milioni. Vipande vya rangi yenye risasi vina utamu kidogo, kwa hiyo mtoto aliyekionja kimoja hurudi kutafuta kingine. Na risasi huvuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana sipendi kumwona mjamzito ameshika msasa, hata akiwa na hamu ya kukitengeneza kitanda cha mwanawe kwa mkono wake.

Shuku risasi ukiona haya: kitanda hakina lebo wala mwaka, ukikwangua pembeni unakuta tabaka tatu nne za rangi tofauti, rangi imepasuka vipande vya pembe nne kama ngozi ya mamba, au chini kuna manjano kali, nyekundu au kijani ya mafuta. Rangi hizo kali mara nyingi zilitiwa risasi ndani ya unga wake wenyewe. Usidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Kitanda kilichochongwa hapa hapa na kupakwa rangi ya kopo lisilo na maelezo kinaingia humo humo.

Ukishuku, simama. Usipige msasa mkavu na usichome rangi kwa moto; vumbi lake na moshi wake ni vibaya kuliko rangi ilivyokaa. Kuna vijiti vya kupimia risasi ambavyo hugeuka rangi ukivipaka kwenye mkwaruzo. Ukivipata, kwangua mpaka tabaka la chini kabisa ndipo upime, maana risasi hujificha chini. Au weka vipande vichache kwenye mfuko wa plastiki ukaulize kwa Wakala wa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar kama watakupimia. Usipopata jibu la uhakika, hesabu kwamba ipo. Kitanda kipya cha mbao tupu kutoka kwa seremala wa mtaani, hata kiwe cha mfenesi kisicho na nakshi, ni bora kuliko hicho.

Kikivuka hapo, tuendelee.

Dalili: rangi inanata, wiki imepita

Bonyeza kidole gumba chini ya mfumbati (ubao mrefu wa ubavuni), pasipoonekana. Alama ya kidole ikibaki, rangi haijakauka. Ikiwa haibaki lakini ngozi inavutika kidogo unapouondoa mkono, imekauka juu tu.

Sababu ya kwanza ni mkono mzito. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Hukauka kwa kuvuta hewa na kugeuka ngumu. Ukiipaka nene, juu inafunga ngozi na chini inabaki mbichi. Tazama pale fito zinapoingia kwenye mfumbati; rangi hujikusanya huko na kukunjika kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Kama sehemu nyingine zote ni ngumu, kwangua mikusanyiko hiyo kwa wembe, uache wiki, kisha upige msasa na kugusa hapo tu.

Ya pili ni unyevu. Kazi niliyoipaka mwezi wa Januari na kazi niliyoipaka Aprili masika yakiwa yamekolea si kazi moja, hata kopo likiwa hilo hilo. Kopo linaposema saa 16 kati ya mkono na mkono, wakati wa masika mpe siku mbili au tatu. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakwisha, acha kabla ya saa tisa. Kikaushie barazani, kwenye kivuli kinachopitisha upepo. Ukikifungia chumbani "kisiingie vumbi", rangi inakosa hewa ya kukaukia.

Ya tatu, na hii ni yetu hasa: mafuta ya taa badala ya tapentaini ya kuzimulia rangi. Watu huyatia kwa sababu yako jikoni. Rangi inalainika na brashi inateleza, lakini mafuta ya taa huchelewa kuruka na huacha utelezi. Kama ulifanya hivyo, mpe kitanda wiki mbili za hewa. Kikibaki kinanata, hakuna dawa ya kupaka juu. Kwangua yote.

Ya nne ni kopo kuukuu. Dawa ya kukaushia iliyomo ndani ya rangi huchoka ikikaa dukani miaka. Kipimo ni rahisi: paka kidogo kwenye kigae au kipande cha kioo, ukiweke pale pale kilipo kitanda. Kigaeni ikikauka na mbaoni isikauke, kosa ni la mbao. Zikinata zote mbili, ni la rangi au hali ya hewa. Kipimo hiki kimeniokoa kugombana na wenye maduka mara nyingi.

Ya tano ni mafuta yaliyo chini. Kitanda cha mtoto kimeshikwa na mikono ya mafuta ya nazi kwa miaka: mama anamkanda mtoto, kisha anashika ubavu ule ule. Mbao imekunywa. Dondosha tone la maji kwenye sehemu iliyo tupu. Likikaa duara kama shanga, kuna mafuta au nta. Hapo ni kukwangua rangi mpya, kuosha kwa sabuni na maji ya moto, kusuuza, kuacha kikauke, kufuta kwa tambara lenye tapentaini (geuza tambara mara kwa mara, la sivyo unayahamisha tu mafuta), kisha kuanza na praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia.

Ya mwisho ni ya Pemba, na niliikuta mara moja tu. Niliitwa Wete kwa kitanda kilichonata wiki tatu katika jua zuri. Kigae nilichopaka nikakiacha barazani kikakauka. Kitanda kikilala ghalani pamoja na magunia ya karafuu, mlango umefungwa. Wachoraji wa picha za rangi za mafuta hutia mafuta ya karafuu kwa makusudi ili rangi isikauke haraka, na mvuke wake peke yake ndani ya sanduku lililofungwa unatosha kuichelewesha. Tulikitoa nje, siku nne kikashika. Kwa hiyo wakati wa mavuno, kitanda kikae mbali na ghala, na usikifute kwa mafuta ya karafuu kukimbiza wadudu kabla ya kupaka.

Wiki tatu za hewa nzuri zikipita na bado inanata, usingoje tena. Kuikwangua kwa mkono inachosha, na utashawishika kununua dawa ya kuyeyusha rangi. Nyingine zina kemikali ziitwazo metilini kloridi, ambazo zimeua watu waliozitumia vyumbani. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye nafasi ya nje na vifaa vya kujikinga.

Dalili: inabanduka maganda

Usitupe ganda. Ligeuze utazame mgongo wake, kwa sababu ganda litakuambia zaidi kuliko mwenye kitanda.

Mgongo ukiwa laini unang'aa, na chini umebaki mng'ao wa kiwandani, rangi yako haikupata pa kushika. Hili ndilo linalotokea zaidi. Kitanda kilikuja na vanishi ngumu kama kioo, mtu akakifuta vumbi akapaka. Praima peke yake haitoshi juu ya mng'ao, msasa kwanza.

Mgongo ukiwa na unga mweupe, umepaka juu ya vumbi au chumvi. Vitanda vilivyokaa nyumba za pwani vina chumvi hata kama huioni. Lamba kidole ukipitishe juu ya mbao, utaionja (hilo lifanye kwenye kitanda ulichokwisha kukihakikisha kwamba hakina risasi, na si vinginevyo). Chumvi huvuta maji ya hewani, na maji huinyanyua rangi. Wengine hukiosha vizuri sana kisha wakakisuuza kwa maji ya kisima yenye chumvi, wakairudisha chumvi ile ile. Suuza kwa maji matamu.

Mgongo ukiwa na nyuzinyuzi za mbao, mbao yenyewe ilikuwa na maji au imeanza kuoza. Bandika kipande cha plastiki kwa selotepu pande zote usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande ndani, mbao haijawa tayari. Ikibonyea kwa ncha ya bisibisi, imeoza, na hiyo ni kazi ya seremala.

Mgongo ukivutika kama mpira, huenda chini kuna rangi ya mafuta na juu umepaka ya maji. Hujui ya chini ni ipi? Chovya pamba kwenye spiriti, usugue sehemu ya rangi ya zamani. Ya maji italainika na kuhamia kwenye pamba; ya mafuta haitatikisika. Rangi ya maji inaweza kukaa juu ya ya mafuta, ila baada ya msasa na praima inayoshika.

Kuna vitanda ambavyo si mbao hata kidogo. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukavishwa karatasi au plastiki yenye picha ya mbao. Tazama chini ya kitakizo (ubao wa kichwani au miguuni), pale penye tundu la bolti: ukiona kahawia kama biskuti, ndicho hicho. Kama kingo zimevimba kwa maji hazitarudi, na msasa utatoboa karatasi. Mimi nasema kioshe kikae kama kilivyo.

Kwa mbao nzuri, kazi ya kurudia huenda hivi. Toa kila kilicholegea. Osha, suuza, ngoja siku mbili. Msasa namba 120 kuuvunja mng'ao, kisha 180, ukifuata urefu wa mbao. Fanyia nje, barakoa usoni, mama na watoto mbali na upande upepo unakokwenda. Futa vumbi kwa tambara bichi lililokamuliwa. Praima mkono mmoja mwembamba. Ikikauka, pitisha 240 kidogo. Halafu mikono miwili myembamba ya rangi ambayo kopo lake limeandikwa kwamba inafaa vitu vya kuchezea watoto. Ukiona maandishi EN 71-3, hicho ndicho kipimo cha Ulaya kwa rangi za vitu hivyo. Kopo lisilo na maelezo yoyote lipeleke kwenye mlango wa choo.

Kabla hujakipaka kitanda kizima, paka chini ya mfumbati, ngoja wiki, chora msalaba kwa wembe, bandika selotepu, ivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, afadhali umejua sasa.

Dalili: rangi inakimbia na kuacha vidoti

Unapaka, inajikusanya pembeni na kuacha vitobo kama macho ya samaki. Mafuta tena, au ile dawa ya kung'arisha samani ya kupuliza. Acha kupaka hapo hapo, ifute ingali mbichi kwa tapentaini, osha, anza upya. Ikishakauka itabidi msasa. Usijaribu kuvijaza vidoti kwa brashi, havijai.

Na matambara yenye rangi au mafuta ya kitani usiyabumbe ukayatupa kona. Hupata joto yenyewe na yanaweza kushika moto. Yatandaze nje yakauke.

Dalili: malengelenge

Lipasue moja. Ukiona mbao tupu ndani, maji yalikuwa kwenye mbao. Ukiona praima au rangi ya chini, ni joto: umepaka juani. Jua la kaskazi saa saba mchana linafunga ngozi ya juu kabla tapentaini haijatoka, kisha mvuke wake unaisukuma. Kwangua, msasa, paka kivulini. Hakuna zaidi.

Dalili: madoa yanapanda juu

Doa la kahawia linalozunguka bolti au skrubu ni kutu. Kwetu huku bahari haiko mbali na mtu yeyote, na chuma cha kawaida hakidumu. Fungua bolti zote, zibadilishe kwa za chuma kisichoshika kutu, za unene na urefu ule ule. Kwangua doa, praima, rangi. Ukipaka juu ya kutu, ndani ya mwezi itachungulia tena.

Doa la duara, njano au kahawia, pasipo na chuma, ni kifundo cha mbao kinachotoa utomvu. Paini ndiyo mwenyewe. Rangi ya kawaida haikizuii. Kipake kwanza vanishi ya shelaki, mikono miwili.

Kitanda kizima cheupe kimegeuka manjano, lakini pale palipokuwa dirishani ni peupe bado? Hapo hakuna kosa la mtu. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano ikikosa mwanga, na vyumba vyetu vya Mji Mkongwe, kuta nene na dirisha moja la ubao, vina kiza cha kutosha. Kipake kwa rangi nyeupe ya maji yenye akriliki, au chagua rangi isiyo nyeupe. Siku hizi kila mtu anataka nyeupe kwa sababu ya picha za simu, na mimi ninaipaka, lakini kitanda cha mbao kilichopigwa vanishi hakijawahi kunirudia na tatizo hili.

Dalili: vidoti vyeusi

Ni ukungu au ni masizi? Tone la maji ya klorini ya kufulia litakuambia. Likififisha weusi ndani ya dakika mbili, ni ukungu. Usipofifia, ni masizi, na nyumba zetu zina masizi: udi na ubani unaofukizwa chumbani kwa mzazi siku arubaini hutulia juu ya mfumbati kama wanja. Masizi huoshwa kwa sabuni. Ukungu osha kwa klorini iliyochanganywa na maji mengi, acha dakika kumi, suuza sana, kausha. Usiichanganye klorini na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia; mvuke wake unaunguza mapafu. Kisha sogeza kitanda mbali na ukuta unaotoka maji. Ukuta ukibaki hivyo, ukungu utarudi hata ukipaka kwa dhahabu.

Dalili: harufu haiishi

Mara nyingi haijakomaa tu. Rangi ikishakauka kwa kidole bado inahitaji wiki tatu mpaka nne kabla mtoto hajalala humo, na mahali pa kungojea ni barazani, si chumbani anapolala mjamzito. Kama umebakiwa na wiki mbili mpaka siku ya kujifungua, usipake. Kitanda kinaweza kungoja. Miezi ya kwanza watoto wengi wa kwetu hulala chumba kimoja na mama kwa vyovyote. Harufu ikizidi mwezi, rudi kwenye dalili ya kunata. Chini kuna rangi mbichi.

Dalili: alama za meno kwenye mfumbati

Watoto wanaoota meno hutafuna mfumbati wa juu, wote. Kama rangi ni ile uliyoipaka mwenyewe na unalijua kopo lake, mfute mdomo, kusanya vipande, na ufunike mfumbati kwa kizuizi cha mpira kinachofungwa imara.

Kama hujui rangi ilikuwa ya nini, au tabaka la chini limefikiwa, mtoe mtoto kitandani leo hii. Mpeleke kituo cha afya ueleze hivyo hivyo: ametafuna rangi ya zamani, naogopa risasi, nataka apimwe damu. Usingoje aumwe. Risasi huingia kimya, na dalili zinazokuja baadaye (tumbo kuuma, kukosa hamu ya kula, ukali usio wa kawaida, kuchelewa kujifunza) hufanana na mambo mengine mia. Akitapika mfululizo, akipata degedege au akalegea, ni hospitali usiku huo huo. Usimtapishe wala usimpe dawa ya mitishamba njiani. Na mtajie daktari kama mtoto hupakwa wanja. Baadhi ya wanja wa jiwe ni risasi yenyewe iliyosagwa, na mtu anaweza kukwangua kitanda mpaka mbao huku chanzo kiko kwenye kichupa cha bibi.

Dalili: kitanda kinacheza baada ya kupakwa

Rangi imeingia kwenye matundu ya bolti na kwenye ndimi za mbao, kwa hiyo vipande havikai mahali pake. Kifungue, safisha matundu kwa msasa uliokunjwa kama sigara, ung'oe rangi kwenye ndimi, kisha kaza kwa spana. Bolti ikizunguka bila kukaza, nati imechoka au tundu limepanuka. Usiweke kijiti cha kiberiti. Seremala ataziba tundu kwa kipande cha mbao na gundi, atoboe upya. Bolti moja ikikosekana na huwezi kupata ya kipimo kile, kitanda hakilaliwi.

Ukishakikaza, shika mfumbati kwa mikono miwili ukitikise kwa nguvu, kama mtoto wa mwaka mmoja aliyeamka na njaa. Kisha pitisha soksi kuukuu juu ya kila ufito, chini na juu. Popote itakaponasa pana kijibanzi au tone gumu la rangi. Msasa namba 240, hapo tu.